MAXIM: Aliwaonya majirani wafungue madirisha, akasahau masikio yake

MIAKA ya 1880, wakazi wa West Norwood, kusini mwa London, walikutana na tangazo la ajabu kwenye gazeti la mtaani kwao. Halikuwa la mechi wala la mnada. Jirani yao mmoja, Mmarekani mhamiaji, alikuwa anawaarifu kwamba angejaribu bunduki bustanini kwake, hivyo wafungue madirisha yao ili vioo visije vikapasuka kwa kishindo.

Jirani mstaarabu kweli. Aliviwaza vioo vya watu kabla havijavunjika. Ila kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa karibu zaidi na bunduki ile kuliko dirisha lolote la mtaa, nacho hakukiwekea tangazo. Masikio yake mwenyewe.

Jamaa huyo aliitwa Hiram Stevens Maxim, na bunduki aliyokuwa akiijaribu ndiyo iliyokuja kubeba jina lake dunia nzima. Ilimpa utajiri na cheo cha Sir. Pia ilimla masikio. Alipofika uzeeni alikuwa kiziwi kabisa, kwa sababu ya miaka mingi ya kusimama kando ya mtutu.

Shabiki utajiuliza, stori ya fundi wa silaha inafanya nini kwenye kurasa za michezo? Jibu ni rahisi. Kulenga shabaha ni mchezo, upo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza ya kisasa pale Athens mwaka 1896. Na swali la kwanza kwa anayeuanza mchezo huo, kabla hata ya kuuliza bunduki gani, ni avae nini masikioni. Maisha ya mzee huyu na ya mwanawe yanalijibu vizuri kuliko kitabu cha kanuni. Na wewe unayekwenda uwanjani kila wikiendi na vuvuzela mkononi, usiondoke, lako lipo humu humu.

KIJANA WA MAINE

Maxim alizaliwa Februari 5, 1840, Sangerville, kijiji cha jimbo la Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Kwao hakukuwa na fedha. Shule aliisoma kidogo, na alipofika miaka 14 akapelekwa kwa fundi wa magari ya farasi ajifunze kazi.

Mikono yake haikutulia. Kwenye kinu cha nafaka kulikokuwa na panya wengi, alitengeneza mtego ambao ukishamnasa mmoja unajitega wenyewe kumsubiri mwingine. Alibuni chuma cha kukunjia nywele za kinamama. Alifanya kazi kiwandani kwa mjomba wake Fitchburg, Massachusetts, kisha akaingia kwenye taa za gesi, halafu taa za umeme.

Huko kwenye umeme ndiko alikokutana na mpinzani wa kweli, Thomas Edison. Mwaka 1878 Maxim alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya taa ya United States Electric Lighting, na wawili hao walikimbizana kama timu mbili zinazogombea ubingwa hadi siku ya mwisho. Edison akabeba jina. Maxim hakuwahi kuliacha jambo hilo lipite, maisha yake yote aliamini alidhulumiwa.

Mwaka 1881 akavuka bahari kwenda Paris kwenye maonyesho ya umeme. Inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja aliyekutana naye Ulaya alimshauri aachane na umeme, kwamba akitaka fedha ya haraka abuni kitu cha kuwasaidia Wazungu kuuana kwa urahisi zaidi. Maxim akahamia London, na hakurudi tena kuishi Marekani. Huko nyuma aliacha mke na watoto watatu. Mkubwa wao, Hiram Percy, alikuwa na miaka kama 12. Mkumbuke kijana huyu, tutarudi kwake.

TEKE LA BEGANI

Aliyewahi kufyatua bunduki anajua, ina teke. Risasi ikitoka mbele, bunduki inarudi nyuma na kukupiga bega. Watu walilivumilia teke hilo kwa karne kadhaa. Maxim aliliona kama nguvu inayopotea bure.

Wazo lake lilikuwa hili. Teke lile lile liusukume mtutu nyuma, lilitupe ganda tupu, lilete risasi mpya na kuifyatua, halafu lianze upya. Anayeshika bunduki anabonyeza tu, mashine inajilisha risasi zilizopangwa kwenye mkanda wa kitambaa. Mtutu ukazungushiwa maji usiungue. Rashasha zilizokuwepo kabla yake zilihitaji mtu wa kuzungusha mpini, kama cherehani ya mkono. Hii ya kwake ilijiendesha yenyewe.

Mwaka 1884, kwenye karakana yake ya Hatton Garden katikati ya London, mashine ikafanya kazi. Risasi kama 600 kwa dakika moja. Wakubwa wakaanza kumiminika kuiona, akiwemo mrithi wa kiti cha ufalme aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa 7. Kila mgeni alitaka kuisikia, na kila mara Maxim alikuwa pale pale kando yake.

Sasa piga hesabu. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Mlio wa bunduki nyingi, ukipimwa sikioni kwa mfyatuaji, upo kati ya desibeli 140 na 170. Usidhani hiyo ni mara mbili na ushee tu, kwani desibeli hazihesabiwi kama magoli. Kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti inazidishwa mara kumi. Wataalamu wa afya wameweka mstari kwenye desibeli 140 kwa mlio wa ghafla. Hapo mlio mmoja tu unaweza kukuachia jeraha la kudumu. Maxim alikuwa akipokea milio 600 kwa dakika, karakanani, bustanini, na kwenye viwanja vya majeshi ya nchi alizozunguka kuuza.

WASHIKA BUNDUKI NA BOMBOMU

Mwaka 1886, wakati Maxim anahangaika kutafuta wateja, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali pale Woolwich, upande wa kusini mashariki wa London, waliunda timu yao ya soka. Waliiita Dial Square, jina la sehemu ya kiwanda chao. Leo unaijua kwa jina la Arsenal, Washika Bunduki, wenye mzinga kwenye nembo. Kiwanda chao hakikuwa cha Maxim. Lakini muda mfupi baadaye kampuni yake ilikuwa na kiwanda Crayford, si mbali na Woolwich. Ndiyo London ya wakati ule, soka na silaha vilikua mtaa mmoja.

Bunduki yenyewe iliwahi kufika Afrika kabla hata majeshi ya Ulaya hayajaizoea. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipotoka Zanzibar na mamia ya Wazanzibari kwenda kumtafuta Emin Pasha, alibeba Maxim moja, zawadi ya mwenyewe mbunifu. Msafara ule ulizunguka kwa meli hadi mdomo wa mto Congo, ukakata bara zima, na mwishoni mwa 1889 ukatokea Bagamoyo.

Baada ya hapo ikawa vilio. Septemba 2, 1898, pale Omdurman nchini Sudan, wafuasi wa Mahdi zaidi ya 10,000 walikufa katika asubuhi moja mbele ya jeshi lililokuwa na bunduki za Maxim, na upande wa pili waliouawa hawakufika 50. Kwetu, Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliivamia boma ya Wajerumani ya Mahenge wakiwa na imani ya dawa ya maji. Walikutana na rashasha, na rashasha za Wajerumani zilikuwa za muundo wa Maxim. Wazee wetu waliiita bombomu. Ukilitamka tu jina hilo, unausikia mlio wake.

Kwa hiyo tusipambe. Uziwi wa Maxim ni kitu kidogo ukiuweka kando ya makaburi hayo, na hatumlilii. Tunamtazama kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza aliyekaa muda mrefu kando ya bunduki ya namna ile, na tunajua kilichompata.

SIKIO LINAVYOKUFA

Ndani kabisa ya sikio kuna kifuko kama konokono, na humo zimo seli ndogo kama 15,000 zenye vinywele juu yake. Sauti ikiingia, vinywele vinayumba, na ubongo unapata habari. Fikiria nyasi za golini. Zikikanyagwa mechi moja zinalala, kesho zinasimama. Zikikanyagwa msimu mzima, golini panabaki kipara. Tofauti ni kwamba uwanja ukipumzishwa na kumwagiliwa, nyasi zinaota tena. Vinywele vya sikio la binadamu vikifa, havioti. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuvirudisha.

Vinavyotangulia kufa ni vile vya sauti nyembamba, kati ya hezi 3,000 na 6,000. Hapo ndipo zilipo sauti za watoto na za ndege, na herufi kama s, f na sh. Mtu anakuambia fika, wewe unasikia shika. Filimbi ya refa nayo ipo eneo hilo hilo. Ndiyo maana mwenye jeraha hili hajijui mapema. Ngoma anaisikia, lori analisikia, anaona yupo fiti. Anaanza kulalamika kwamba watu siku hizi wanaongea kwa kumung'unya maneno.

Dalili ya kwanza ni masikio kupiga mluzi baada ya kufyatua, halafu dunia inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kesho yake hali inatulia na mtu anasema amepona. Kumbe ile ilikuwa kadi ya njano.

Wapigaji wa bunduki ndefu wana jambo lao la ziada. Anayelenga kwa bega la kulia, sikio lake la kushoto ndilo linaloutazama mdomo wa mtutu, na la kulia linakingwa kidogo na kichwa. Mara nyingi wakipimwa, la kushoto ndilo lililoharibika zaidi.

MZEE ASIYESIKIA

Mwaka 1897 kampuni kubwa ya Vickers iliichukua kampuni ya Maxim. Fedha ikaja. Akawa raia wa Uingereza, na mwaka 1901 akapewa cheo cha Sir.

Hakukaa kitako. Julai 31, 1894, kwenye uwanja wa Baldwyn's Park, Bexley, alikuwa amewasha ndege ya mvuke yenye uzito wa zaidi ya tani 3, miaka tisa kabla ya ndugu wawili Wright kuruka. Ilinyanyuka, ikavunja reli iliyowekwa kuizuia isipae juu zaidi, akaizima. Baadaye, kutafuta fedha na kuwaonjesha watu raha ya kuruka, akabuni bembea kubwa ya kuzunguka yenye vyombo vinavyoning'inia. Moja iliyojengwa Blackpool mwaka 1904 inazunguka hadi leo. Alipougua kifua, akajitengenezea kifaa cha kuvuta mvuke wa dawa, na wapo waliomcheka kwamba mtu mzima amegeuka mganga wa kienyeji.

Ona hapo. Kifua kilipomsumbua, alikitengenezea kifaa. Panya walipowasumbua watu wa kinu, aliwatengenezea mtego. Vioo vya majirani alivitangazia. Masikio hayakuuma kama kifua, yalizima taratibu bila kelele, na fundi yule mwenye jibu la kila kitu hakuwa na jibu lake. Uzeeni, mtu aliyesikilizwa na wafalme alikuwa hasikii wanachomwambia.

Familia hiyo ililipa kwa viungo vya mwili. Mdogo wake, Hudson Maxim, naye aliingia kwenye baruti, na mwaka huo huo wa 1894 mlipuko ulimkata mkono wa kushoto.

MTOTO ALIYETAFUTA UKIMYA

Sasa turudi kwa yule kijana aliyeachwa Marekani. Hiram Percy Maxim alizaliwa mwaka 1869, akahitimu chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, mwaka 1886 akiwa bado kinda wa miaka 16. Alikua bila baba nyumbani, na baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu mzee wake, chenye vichekesho na majeraha humo humo.

Kama baba aliigeuza nguvu ya teke, mtoto alishughulika na kelele. Alijua kishindo kikubwa cha bunduki kinatokana na gesi ya baruti inayochomoka ghafla mdomoni mwa mtutu. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akitazama maji ya bafu yanavyojizungusha yakishuka kwenye tundu. Akatengeneza chombo cha kufunga mbele ya mtutu, chenye vyumba vinavyoizungusha gesi ipungue mwendo kabla ya kutoka. Mwaka 1909 akapata hataza. Ndiyo sailensa ya kwanza iliyouzika kibiashara, na aliwauzia wawindaji na wapiga shabaha waliotaka kufanya mazoezi bila kuwaamsha majirani.

Tazama baba na mtoto walivyopishana. Baba aliwaambia majirani wafungue madirisha. Mtoto aliishughulikia kelele yenyewe.

Maarifa hayo hayo kampuni yake iliyatumia kutuliza kelele za injini. Bunduki zikaja kupata sheria, na mwaka 1934 Marekani iliziwekea sailensa kodi ya dola 200, fedha nyingi sana wakati ule. Percy mwenyewe alishazama kwenye redio, na mwaka 1914 alikuwa amesaidia kuanzisha chama cha wapenda redio wa Marekani. Mtoto wa kiziwi akamaliza maisha akitegea sikio sauti hafifu zinazotoka mbali. Alifariki mwaka 1936.

Angalizo kwa waliozoea filamu. Sailensa haifanyi bunduki ipige chafya ya paka. Inapunguza desibeli 20 hadi 35 hivi, kwa hiyo bunduki nyingi zinabaki na mlio mkubwa, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe. Kwa hiyo kwa anayelenga shabaha, habari haijaishia kwenye bunduki, inarudi masikioni.

MABEKI WA MASIKIO

Zama za Maxim mtu alichomeka pamba akaridhika. Pamba kavu ni kama kuweka koni golini badala ya kipa. Leo zipo silaha za kujilinda za aina tatu au nne, na kila moja ina mechi yake.

Kwanza ni vizibo vya sponji. Ni rahisi, vyepesi, na vikivaliwa vizuri ni mabeki wazuri sana. Tatizo ni uvaaji. Wengi wanakisukuma kwa kidole kinabaki nusu nje. Namna sahihi ni kukiviringisha kwa vidole hadi kiwe chembamba, kupitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kukiingiza, kisha kukishikilia hadi kitutumke. Mikono iwe safi. Ukijitazama kwenye kioo na kuona kizibo kimechomoza kama yai, toa uanze upya.

Pili ni vifuniko vya masikio, vile vinavyofanana na hedifoni. Vinavaliwa na kuvuliwa haraka, vinamfaa mgeni na mtoto ambaye sponji inamsumbua. Adui yake ni upenyo. Miwani yenye mikono minene, kofia au nywele zilizosukwa zikipita chini ya mto wa kifuniko, sauti nayo inapita hapo hapo. Na kwa bunduki ndefu, angalia unene wa kikombe. Kikiwa kinene kinagonga kitako cha bunduki kila unapolaza shavu kulenga, kinajisogeza bila wewe kujua, sikio linabaki wazi. Chagua chembamba, jaribu ukiwa umekaa mkao wa kulenga kabla ya kulipa.

Tatu ni vifuniko vya kielektroniki. Vina maiki inayokuruhusu kumsikia kocha, na mlio mkubwa ukija vinajifunga. Kwa mazoezi na mwanafunzi ni vizuri mno, kwa sababu hana haja ya kuvua ili asikie maelekezo. Ila anayetaka kushindana asome kanuni kwanza. Shirikisho la kimataifa, ISSF, linawahimiza wapigaji na wote walio karibu na mstari wavae kinga ya masikio, lakini haliruhusu mpigaji kuingia mashindanoni na kinga yenye kifaa cha kupokea sauti.

Vipo pia vizibo vinavyofinyangwa kufuata tundu la sikio lako mwenyewe. Bei yake ni kubwa, lakini anayefyatua kila wiki kwa miaka anaona faida yake.

Kwenye pakiti utaona namba ya desibeli zinazopunguzwa, mfano 25 au 33. Usiichukue kama ilivyo. Imepimwa maabara, kizibo kikiwa kimevaliwa na mtaalamu. Viwandani Marekani ipo hesabu ya tahadhari, unatoa 7 kisha unagawa kwa 2. Kwa hiyo 33 inabaki 13. Sababu kubwa ya pengo hilo ni uvaaji mbovu, na hilo lipo mikononi mwako. Bora kizibo cha namba ndogo kilichokaa sawa kuliko cha namba kubwa kinachoning'inia.

Kwa bunduki kubwa, au ukiwa kwenye jengo ambako kuta zinarudisha kishindo, panga mabeki wawili wa kati, sponji ndani na kifuniko juu. Usidhani namba zao zinajumlishwa. Wa pili anaongeza kama desibeli 5 tu. Lakini desibeli 5 kwenye kishindo cha 160 si haba, na beki mmoja akiteleza, mwingine yupo. Bunduki za upepo za mita 10 hazina kishindo hicho, ingawa wapo wanaovaa kinga ili watulize akili. Na watazamaji nao wavae. Sikio halijui kama umeshika bunduki au umekuja kumshangilia shemeji.

NA WEWE WA JUKWAANI

Machi 18, 2011, mashabiki wa Galatasaray waliandikishwa kwenye kitabu cha rekodi za dunia kwa desibeli 131.76 uwanjani kwao Istanbul, siku ya mechi na Fenerbahçe. Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, vuvuzela ikipulizwa karibu na mtu ilipita desibeli 110. Kwa kelele za mfululizo, wataalamu wanaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na ikifika 100 ni dakika 15 tu. Mechi ni dakika 90, bado hujaweka muda wa nyongeza.

Hakuna anayekuambia unyamaze. Derby ya Simba na Yanga bila ngoma si derby. Lakini vizibo vya sponji vinakaa kwenye mfuko wa jezi, na mtoto uliyempakata kando ya spika au karibu na anayelipua fataki hana uwezo wa kukuambia kwamba masikio yake yanapiga mluzi.

SOMME

Julai 1, 1916, asubuhi ya kwanza ya vita vya Somme nchini Ufaransa, Kapteni Nevill wa kikosi cha East Surrey aliwapa askari wake mipira ya soka. Wakaipiga mbele, wakaifuata wakikimbia kuelekea kwenye mahandaki ya Wajerumani. Mbele yao zilikuwa rashasha zilizotokana na muundo ule ule wa bustani ya West Norwood. Nevill aliuawa siku hiyo hiyo. Jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 19,000 kabla ya usiku kuingia. Baadhi ya mipira iliokotwa baadaye.

Vita ile ilisimama Novemba 18. Siku sita baadaye, Novemba 24, 1916, Sir Hiram Maxim alifariki nyumbani kwake Streatham, London, akiwa na miaka 76. Alizikwa makaburi ya West Norwood, mtaa ule ule aliowaomba majirani wafungue madirisha.

Kwa hiyo siku ukialikwa kwenye uwanja wa shabaha, na mwenyeji akakunyooshea bunduki kabla ya kukupa kitu cha masikio, mrudishie. Mwambie asubiri kidogo, viringisha sponji yako, vuta sikio, shikilia hadi itutumke. Ukimaliza, hapo ndipo uulize shabaha iko wapi.